Ridhaa ni neno la nani? Matangazo ya simu na Kiswahili cha Bihambwe

Nilipokuwa likizoni kwetu Bihambwe, wilayani Masisi, shangazi yangu anayeuza maharagwe sokoni alinipa simu yake niitazame. Uniti zake zilikuwa zinapungua kila asubuhi, na yeye hajapiga. Nilikuta ujumbe wa Kifaransa ukimpongeza kwa kujiunga na huduma ya kulipia kila siku. Nilipomuuliza alijiungaje, alikumbuka kwamba sauti ya mashine ilimpigia, ikasema Kilingala kwa haraka, naye akabonyeza 1 ili inyamaze. Akaniambia: “Mwana, mi sikuombaka hiyo kintu.”

Mwanafunzi wa lugha atasimama kwenye neno hilo, *sikuombaka*. Kiswahili sanifu kingesema “sikuomba”. Kile kiambishi cha mwisho cha Kiswahili chetu cha Kivu kinarudisha tendo nyuma na kulitia uzito: tangu zamani, hakuna siku niliyoomba. Shangazi alikuwa ametoa hoja ya kisheria kwa sarufi ya nyumbani kwake.

Hoja yenyewe inahusu ridhaa. Mara nyingi tunachanganya maneno matatu. *Kibali* ni ruhusa, mara nyingi ya maandishi. *Idhini* hutolewa na mwenye mamlaka juu ya jambo. *Ridhaa* ni ndugu wa *radhi*, *kuridhika* na *maridhiano*. Inataka moyo uliotulia baada ya kujua. Kidole kinaweza kubonyeza 1 bila moyo kuridhia. Asiyeelewa alichoulizwa amebonyeza tu, hajaridhia.

Sheria za nchi yetu zina msingi wa kumtetea. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2006 inalinda maisha ya faragha ya mtu na siri ya mawasiliano yake. Sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 inahusu mawasiliano ya simu na teknolojia ya habari. Kanuni ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 ina sehemu juu ya data za mtu binafsi, na humo ridhaa ni nguzo. Msimamizi wa kampuni za simu ni ARPTC, na mteja asiposikilizwa na kampuni yake anaweza kupeleka malalamiko huko.

Majirani nao wamepita njia hiyo. Sheria ya Kenya ya 2019 juu ya ulinzi wa data inakataza kutumia data ya mtu kwa biashara bila ridhaa yake, isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Tanzania ilitunga yake mwaka 2022 na kuiita kwa Kiswahili Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Istilahi ziko tayari, nasi tunaweza kuziazima.

Sasa swali linaugeukia mlango wetu. Ibara ya 142 ya Katiba inaitaka serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha zote nne za taifa ndani ya siku 60 tangu itiwe saini. Kiswahili ni mojawapo ya hizo nne. Lakini shangazi hajawahi kusomewa hata mstari mmoja wa sheria hizo kwa lugha anayouzia maharagwe. Haki usiyoielewa ni kama mlango uliofungwa na ufunguo uko ndani.

Tulifanya tulichoweza. Tuliuhifadhi ujumbe bila kuufuta, tukaandika tarehe, namba iliyotuma na uniti zilizokatwa kila siku. Kisha tukapiga huduma kwa wateja. Tulijibiwa kwa Kifaransa. Nikaomba Kiswahili, tukapewa mtu mwingine. Huduma iliondolewa siku ileile. Uniti hazikurudi. Shangazi alihesabu kwa vidole akasema zilikuwa faida yake ya siku mbili za soko.

Nawaachia wenzangu zoezi. Chukueni tangazo lolote la Kifaransa lililo katika simu zenu, mlitafsiri, kisha mlisome kwa mtu asiyesoma Kifaransa na kumuuliza amekubali nini. Mimi nilijaribu hivi:

“Hili ni tangazo. Huduma hii inalipiwa kila siku, na bei yake ni hii. Ukiitaka, jibu NDIYO. Usipojibu, hatutakata kitu. Ukichoka, jibu ACHA.”

Sentensi ya tatu na ya nne ndizo nzito: kunyamaza kusihesabiwe kukubali. Nilipomsomea shangazi, alicheka akasema, “Hii ningeielewa. Na ningekataa.”