Mwenza wako anagonga gonga gari? Hivi ndivyo nilivyopata bima ya bei nafuu bila kudanganya

Somo la leo ni refu kidogo ila soma mpaka mwisho, hasa kama gari ya nyumbani ndiyo hiyo hiyo inayopeleka mizigo ya wateja.

Mimi nauza vyombo vya jikoni mtandaoni, niko Dar es Salaam. Gari tunayo moja. Asubuhi inapeleka watoto shule, mchana inazunguka na oda za wateja, jioni inapeleka mizigo ya mikoani stendi ya Magufuli. Anayeendesha mara nyingi ni mume wangu. Na mume wangu, nasema hili akiwa anajua, ndani ya miaka miwili aligonga mara tatu. Ya kwanza nguzo ya geti la mteja. Ya pili bajaji kwa nyuma kwenye foleni. Ya tatu gari ya watu, bampa na taa vyote chini. Hakuna aliyeumia, tunamshukuru Mungu. Ila kampuni ya bima ililipa mara mbili, na sisi tukalipa faini za barabarani mpaka ile elfu thelathini nikaizoea.

Bima ilipokaribia kuisha naenda kuhuisha, naambiwa bei mpya ni 849,600. Mwaka uliopita nilikuwa nimelipa 637,200. Daah. Nikauliza kwa nini, wakanifungulia faili: ajali mbili tulizolipwa, dereva yule yule.

Nikamfuata wakala mmoja wa mtaani. Akacheka. "Dada yangu, mbona rahisi? Andika gari ni ya matumizi binafsi, dereva ni wewe peke yako, ajali andika hakuna. Nakufanyia 495,600 leo leo." Nikapiga hesabu: naokoa 354,000. Kwa mimi huo ni mzigo mzima wa masufuria. Sikuwa mbali kusema ndiyo.

Jioni nikamwambia mume wangu. Akakaa kimya, kisha akasema: "Sawa mama. Sasa siku nikimgonga mtoto wa mtu, wewe utakuja pale useme ulikuwa unaendesha wewe?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake nikaanza kutafuta upya, kwa ukweli wote mezani. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. JUA BEI INATOKA WAPI

Huwezi kuomba punguzo la kitu usichojua kinavyohesabiwa. Bima ndogo, yaani ya mtu wa tatu, ni ya lazima kisheria. Inalipa hasara uliyomsababishia mwingine. Gari yako wewe hailipwi hata senti. Kwa gari ndogo ya binafsi ni laki moja, ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa 118,000.

Bima kubwa inahesabiwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Gari ya binafsi kiwango kilichozoeleka ni asilimia 3.5. Gari yangu ina thamani ya milioni 12, kwa hiyo 420,000, jumlisha VAT 75,600, unapata ile 495,600 ya wakala. Gari ikifanya biashara asilimia inapanda. Dereva akiwa na historia ya ajali inapanda tena. Mimi nilipandishiwa kutoka 4.5 hadi 6.

Kwa hiyo ukipewa bei, uliza swali moja tu: "Hii ni asilimia ngapi, na kwa nini?" Hapo ndipo mazungumzo yanapoanzia.

2. UKWELI KWENYE FOMU NDIYO BIMA YENYEWE

Ile fomu ya maombi inauliza nani ataendesha, gari inafanya kazi gani, na ajali za nyuma. Wengi tunamwachia wakala ajaze, sisi tunasaini. Kosa kubwa. Ile sahihi ni yako, na ukificha jambo ambalo lingebadilisha bei au uamuzi wao, kampuni inaweza kukataa kulipa siku ya ajali.

Sasa fikiria. Umelipa 495,600 kwa uongo, gari ya milioni 12 imepinduka, ndani kuna maboksi ya wateja kumi na risiti zao. Utamshawishi nani kwamba ilikuwa matumizi binafsi? Ukurasa wako wa biashara uko wazi, una video mumeo anapakia mizigo kwenye gari hiyo hiyo. Hapo hujaokoa laki tatu na nusu. Umenunua karatasi.

3. ANDIKENI AJALI ZOTE, MTAFUTE CHANZO

Hapa ndipo niliposhikwa na aibu. Tulikaa na daftari tukaandika kila ajali: siku, saa, ilikuwaje. Ya geti, alikuwa anarudi nyuma huku mteja anamwelekeza kwa simu. Ya bajaji, nilikuwa nampigia mimi: "Umefika wapi? Mteja analalamika." Ya tatu, alikuwa anasoma lokesheni niliyomtumia.

Yaani miaka miwili nilikuwa namsema mume wangu hajui kuendesha, kumbe simu inayomsumbua ni yangu. Sisemi hana kosa. Aliyeshika usukani ndiye anayewajibika, na angeweza kutopokea. Ila biashara yangu ndiyo iliyokuwa inambana.

Tukaweka utaratibu. Akiwa barabarani simu za wateja nazipokea mimi dukani. Lokesheni zote anazisoma kabla ya kuwasha gari. Mimi nikiwa na shida naandika ujumbe, anasoma akipaki. Na mteja haambiwi tena "dakika kumi nakufikia", anaambiwa "kati ya saa nane na saa kumi". Huamini, malalamiko yamepungua.

Hili linakusaidia hata kwenye bima, maana ukienda kuomba bei unakuwa na la kusema zaidi ya "ni bahati mbaya". Mimi nililieleza vilevile. Mmoja alinisikiliza, wawili hawakujali. Mmoja anatosha.

4. OMBA BEI SEHEMU TATU, KWA MAELEZO YALEYALE

Usizunguke ukibadilisha hadithi. Andika karatasi moja: thamani ya gari, kazi yake, madereva, ajali na kiasi kilicholipwa. Peleka hiyo hiyo kila mahali. Siku hizi hata benki nyingi ni mawakala wa bima, na kuna madalali wa bima wanaokutafutia kwenye kampuni zaidi ya moja.

Nilichobaki nacho mezani ni hiki:
- Kampuni ya zamani, tunaendesha wote: 849,600.
- Kampuni mpya, tunaendesha wote, ila mume akigonga tunabeba zaidi wenyewe: 708,000.
- Kampuni hiyo mpya, mume haendeshi kabisa: 637,200.

Ya tatu ni bei yangu ya zamani ileile. Inavutia eeh? Ngoja.

5. KUMTOA MWENZA KWENYE BIMA SIYO JAMBO LA HASIRA

Kumwondoa dereva ni njia halali kabisa, na kwa wengine ndiyo sahihi. Kama mwenza wako ana usafiri wake, au mna kijana wa kupeleka mizigo mwenye leseni safi, fanya hivyo. Lakini maana yake ni kwamba haendeshi. Siyo "haendeshi sana". Siku akishika usukani akagonga, hamna bima.

Sisi tofauti ilikuwa 70,800 kwa mwaka. Gawanya kwa 12, ni 5,900 kwa mwezi. Nikajiuliza, mtoto akishikwa na homa saa saba usiku na mimi nimembeba, nani anaendesha? Kwa elfu tano na mia tisa kwa mwezi nikaona siuzi usingizi wangu. Tukachukua ya 708,000. Ukilinganisha na ya kwanza, tumeokoa 141,600 kwa ukweli mtupu.

Wewe piga hesabu yako. Jibu lako linaweza kuwa tofauti na langu.

6. JIANDAE NA KIASI UNACHOBEBA MWENYEWE

Wanaita ekses. Ni sehemu ya hasara unayolipa wewe kabla kampuni haijalipa. Ukikubali kubeba zaidi, bei ya bima inashuka. Kwenye mkataba wetu nikigonga mimi ni laki tatu, akigonga mume ni laki sita.

Usikubali ekses ambayo huna. Tunaweka elfu hamsini kila mwezi kwenye laini ya simu ambayo haifanyi biashara. Miezi 12 ni laki sita kamili. Akimaliza mwaka bila kugusa kitu, hela ni yetu na inabaki kwa mwaka unaofuata.

7. SIYO KILA MKWARUZO UPELEKWE BIMA

Bampa imekwaruzwa, fundi anasema laki moja na themanini, ekses yako ni laki tatu. Kampuni haitakulipa kitu. Lipa fundi, endelea. Kampuni nyingi zinatoa punguzo kwa asiyedai, na kila dai dogo linakula punguzo hilo. Ila soma mkataba wako kuhusu kutoa taarifa, na kama kuna mtu ameumia au mali ya mtu imeharibika, usimalizane kienyeji. Polisi kwanza, kampuni ya bima wapewe taarifa mapema.

8. MITEGO MIDOGO INAYOTUUMIZA

- Usishushe thamani ya gari ili ulipe kidogo. Gari ya milioni 12 ukiikatia bima ya milioni 8, tengenezo la milioni 3 unaweza kulipwa milioni 2 tu. Na ukipandisha thamani hulipwi zaidi ya thamani halisi.
- Bima ya gari kwa kawaida haigusi mzigo uliomo ndani. Mzigo wa wateja una bima yake, uliza.
- Bima haianzi mpaka ulipe. Na lipa kwa akaunti ya kampuni, siyo namba ya simu ya wakala.
- Ukishapewa stika, ihakiki kwenye mfumo wa TIRA wa mtandaoni siku hiyo hiyo. Stika feki zipo.
- Kampuni ikikukatalia fidia na unaona umeonewa, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Usikae na kinyongo nyumbani.
- Gari ikiwa imechakaa na thamani ni ndogo, bima ndogo inaweza kukutosha. Jiulize: gari ikipotea leo, naweza kuinuka bila mkopo? Kama hapana, usiikimbie bima kubwa.

NENO LA MWISHO

Tangu tukate hii bima ni miezi tisa. Hajagonga kitu. Siwezi kukuahidi kwamba hatagonga, ndiyo maana ya bima. Ila akiwa barabarani sina moyo juu kama zamani, kwa sababu karatasi iliyoko kwenye droo inasema ukweli: yeye ni nani, gari inafanya nini, na imeshagonga mara ngapi.

Kazi ya leo: kabla hujalala, tazama bima yako inaisha tarehe ngapi. Weka ukumbusho wiki nne kabla. Halafu kaa na mwenza wako mfungue daftari, na uanze kwa kuuliza swali ambalo mimi nilichelewa kuliuliza: "Siku ile unagonga, nani alikuwa anakupigia simu?"

Hifadhi somo hili, mtumie mwenzako mwenye gari. Biashara njema.