Spea ya Haraka: Kazi Iishe Kabla Pikipiki Haijawashwa

Saa nne asubuhi. Toyota Noah iko juu ya lifti, tairi la nyuma limetolewa, na fundi anakuja kaunta ameshika beringi iliyokwisha. Mwenye gari amekaa kwenye benchi; kesho alfajiri anasafiri na watoto kwenda Moshi. Stoo haina. Kila mtu anasema: "Mtume kijana Gerezani, kwenye maduka ya spea, mara moja!"

Mimi hukaa kaunta ya spea katika gereji ya wakala wa magari hapa Dar es Salaam. Nilichojifunza ni hiki: kinachotuchelewesha ni safari ya pili, ile ya kurudisha spea isiyoingia. Kwa hiyo dakika kumi za kabla ya kijana kuondoka zitunze kama dhahabu.

Anza na namba ya chesisi. Jina la gari halitoshi. Gari lililouzwa jipya na wakala huwa na namba ya herufi na tarakimu 17. Lililoletwa mtumba kutoka Japani huwa na namba fupi yenye kistari katikati, na sehemu ya mwanzo hutaja modeli. Noah ya AZR60 huvutwa na magurudumu ya mbele. AZR65 huvutwa na yote manne. Ukiziegesha pamoja zinafanana, lakini kitovu cha gurudumu la nyuma ni tofauti, kwa sababu kwenye AZR65 ekseli hupita katikati yake. Ukiagiza "beringi ya nyuma ya Noah" umebahatisha.

Taja upande wa dereva au wa abiria. Siku moja ya mvua fundi aliniambia "shokapu ya mbele, kushoto", nami nikaandika hivyo hivyo. Kumbe alikuwa amesimama mbele ya gari akitazama injini, na kushoto kwake kulikuwa kulia kwa gari. Kijana alilowa kwenda na kurudi. Tulipofungua boksi saa kumi jioni, shokapu haikukaa. Mama aliyekuwa akitusubiri tangu asubuhi alichukua mkoba wake akaenda kutafuta bajaji. Tangu siku hiyo, neno kushoto siliandiki peke yake.

Piga simu, na usiridhike na "ipo". Neno hilo kwa muuzaji laweza kuwa na maana kwamba ipo kwa jirani yake, au inakuja kesho. Mwambie: "Kaka, ishike mkononi unisomee namba ya kwenye boksi." Namba za Toyota kwa kawaida huwa na tarakimu au herufi tano, kistari, kisha tano nyingine. Seti ya pedi za breki za mbele huanza na 04465, za nyuma 04466. Tarakimu moja tu ikikosewa, gari linalala gereji. Namba ikiwa tofauti na yako, uliza kama ndiyo mpya iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, kisha uihakikishe kwenye katalogi. Mwisho, akuwekee kando kwa jina la gereji.

Maliza mambo ya hela. Lipa kwa simu au mpe kijana oda iliyosainiwa, pamoja na TIN ya kampuni kwa ajili ya risiti ya EFD. Uliza pia kama spea inarudishwa. Sensa na vifaa vingine vya umeme mara nyingi vikishafunguliwa havirudi.

Mpe kijana cha kulinganishia. Ikiwezekana abebe spea ya zamani; ikishindikana, picha yake ikiwa kando ya rula. Alinganishe mashimo ya bolti, meno na urefu palepale kaunta, kabla ya kuondoka. Na chombo kilingane na mzigo: beringi yatosha kwenye bodaboda, bali bampa au kioo cha mbele chataka kirikuu.

Mweleze mteja kwa saa. Usimwambie "sasa hivi". Mwambie: "Mzee, kijana ameondoka saa nne na nusu. Saa sita nakuja kukupa jibu, niwe nimepata au sijapata." Saa sita ikifika, nenda. Mtu aliyepewa ukweli anaweza kupanga siku yake, hata kama ukweli wenyewe ni kwamba gari litalala.

Jioni, fungua daftari. Andika kila spea iliyokufanya utume kijana siku hiyo. Mwisho wa mwezi hesabu. Ile iliyojirudia mara tatu iagize, iwekwe stoo. Safari ijayo fundi akija na beringi mkononi, utanyoosha mkono tu hadi kwenye rafu iliyo nyuma yako.