Tazama kwanza, ndipo upapase

Siku ya kwanza nilipapasa chembe nyekundu za damu kumi na moja, na zote zilikuwa laini kama ganda la yai. Nilikuwa natafuta vinundu ambavyo kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, huvichomoza juu ya chembe ili ing'ang'anie kuta za mishipa. Kumbe zote zilikuwa nzima. Nilishusha ncha ya hadubini yangu kabla ya kutazama.

Hadubini ya nguvu ya atomu, iliyobuniwa na Binnig, Quate na Gerber mwaka 1986, hufanya kazi kama kidole cha asiyeona. Ncha kali hupita juu ya sampuli, na leza husoma jinsi kijiti kilichoibeba kinavyopinda. Kilichomo ndani ya chembe haikijui. Kwa hiyo sasa naifunga juu ya hadubini ya mwanga yenye lenzi chini, na chembe nazitia rangi inayoshika DNA. Chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini. Ukiona nukta inang'aa ndani yake, huyo ni kimelea. Hapo ndipo nashusha ncha.

Kioo chembamba kipake polilaisini kwanza, la sivyo chembe zitakukimbia kama maandazi kwenye karai la mafuta. Mimi huzikaza kwa glutaraldehaidi kidogo. Kidogo kweli, maana nayo hung'aa yenyewe ikafunika ile nukta.

Kilichonitesa zaidi ni mistari ya mawimbi kwenye picha. Nililaumu ncha, nikabadilisha tatu (na si za bei rahisi), kumbe mtikisiko ulitoka kwenye feni ya kamera ya hadubini ya mwanga. Siku hizi napiga picha ya mwanga, nazima kamera na taa, naacha joto litulie, ndipo naanza kupapasa. Lenzi yenye mafuta usiiguse tena: ukiisogeza, inavuta kioo na chembe yako imeshahama.

Picha mbili, ya mwanga na ya ncha, nazo hazilingani zenyewe, kwa sababu lenzi hupindisha kingo. Naipeleka ncha kwenye vituo kadhaa ninavyovijua, kwenye kila kimoja naipiga picha kutoka chini, halafu programu inakokotoa tofauti.

Vinundu vina upana wa takriban nanomita 100. Mwanga wa kawaida hauwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi, ndiyo maana nahitaji ncha. Chembe ya kumi na mbili ilikuwa na nukta. Ilipotokea kwenye skrini, imejaa vipele kama ngozi ya fenesi, nilikaa nikivihesabu mpaka mwenye zamu iliyofuata akagonga mlango.