Daftari la Saa za Bustani

Katika pwani ya magharibi ya Marekani, upande wa kaskazini, uko mji uitwao Seattle. Mvua yake ni ya rasharasha, nayo hunyesha sana wakati wa baridi. Wakati wa kiangazi mbingu hukauka, na mboga zataka kumwagiliwa. Ndani ya mji huu, kati ya nyumba na barabara, zipo bustani karibu 90 ambazo si mali ya mtu mmoja. Huitwa P-Patch. Kila bustani imegawanywa vishamba vidogo vidogo, na kila kishamba amepewa mtu au jamaa walime humo wale. Katika somo hili tutazungumza habari ya jambo moja tu la bustani hizo, nalo ni daftari linaloandikwa saa za kazi ya hiari. Msomaji asidhani ya kuwa ni jambo dogo. Kwa ajili ya daftari hilo mtu aweza kukaa na kishamba chake, au kukipoteza.

Kwanza tujue asili yake. Hapo zamani palikuwa na shamba la mboga la jamaa ya Picardo, watu waliotoka Italia. Kilimo chao kilipokoma, ardhi ikabaki tupu. Karibu na mwaka 1970 kazi ilipungua sana Seattle, maana kiwanda kikubwa cha ndege cha mji huo kiliwaachisha kazi maelfu ya watu, na wengi wakaona njaa. Ndipo mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu alipoomba ruhusa ya kulima sehemu ya shamba lile pamoja na watoto wa shule ya jirani, ili mboga wapewe wenye shida. Jamaa za watoto waliokuja kusaidia walipewa vishamba vyao wenyewe pembeni mwa bustani kubwa. Angalia vema mpango huo: nisaidie kulima cha wote, nawe utapata mahali pa kulima chako. Mwaka 1973 mji ulichukua kazi hiyo mikononi mwake, na herufi P ya jina P-Patch ni ukumbusho wa jina la Picardo.

Mpango ule wa kwanza haukusahauliwa. Kwa miaka mingi kanuni ya bustani hizo imekuwa kwamba kila mwenye kishamba atoe angalau saa 8 kwa mwaka katika kazi ya wote. Kupalilia kishamba chako mwenyewe si kazi ya wote, hata ukipalilia tangu macheo hata machweo. Kazi ya wote ni kufyeka njia, kugeuza lundo la mboji, kutengeneza ua na mabomba ya maji, kuhudhuria siku ya kazi, kupeleka mboga kwa maskini, na hata kukaa mezani na kuandika habari za bustani. Mtu asiyetimiza saa zake aweza kunyang'anywa kishamba, kwa kuwa nyuma yake wapo wengine waliojiandikisha wakingoja nafasi, na katika bustani nyingine hungoja kwa miaka.

Mfano wa pili watoka katika jimbo lile lile. Mwaka 1972 mabwana shamba wa chuo kikuu cha jimbo la Washington walikuwa wamelemewa. Watu wa mjini waliwapigia simu mchana kutwa: mmoja auliza kwa nini majani ya waridi yana madoa, mwingine auliza mdudu huyu ni nani aliyetoboa kabichi. Mabwana shamba walikuwa wachache, na maswali hayakuwa na mwisho. Mmoja wao, Bwana David Gibby, pamoja na wenzake, wakapata shauri la kuwafundisha watu wa kawaida wanaopenda bustani, ili nao wawajibu majirani zao. Mafunzo ya kwanza yalifanywa mwaka 1973. Wanafunzi hao wakaitwa Master Gardener, jina lililofanywa kwa kufuata neno la Kijerumani, Gartenmeister, yaani fundi mkuu wa bustani. Mapatano yalikuwa haya: wewe utafundishwa, na badala ya mafunzo utatoa saa kadha wa kadha za kuwasaidia watu. Idadi ya saa si moja kila wilaya. Mpango huo umeenea katika majimbo mengi ya Marekani, hata Kanada.

Basi mahali pote palipo na mapatano ya namna hii hapana budi pawe na mwenye kuhesabu.

Hapa msomaji wetu aweza kusema, “Mbona sisi tuna ujima, wala hatuandiki?” Ni kweli. Nyumba ya jirani huezekwa, shamba la mgonjwa hulimwa, wala hakuna karani asimamaye mlangoni na kalamu. Lakini usifikiri kwamba katika ujima hakuna hesabu. Hesabu ipo, ila imeandikwa katika vichwa vya watu. Kijiji kizima chamjua mtu ambaye kila mara siku ya kazi huumwa na mgongo, na siku ya pombe hupona. Mjini haiwi hivyo. Mwenye kishamba cha kwanza hamjui mwenye kishamba cha arobaini. Huyu huja asubuhi na yule huja jioni. Wengine huhama kabla ya mwaka kwisha. Kumbukumbu ya watu haitoshi, ndipo karatasi ikachukua kazi yake.

Wazee wetu walioajiriwa katika mashamba ya mkonge walikijua kipande, kadi iliyotiwa alama kila siku ya kazi, na siku isiyotiwa alama haikulipwa. Daftari la bustani halifanani nacho ila kwa sura. Kipande alikitia alama msimamizi, na mfanya kazi alingoja mkono wa mwingine. Daftari la bustani mwandishi wake ni mfanya kazi mwenyewe. Kwa hiyo lataka watu waaminifu, nalo lina hatari zake.

Daftari lenyewe ni rahisi. Kila mstari una tarehe, jina, kazi iliyofanywa, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na jumla. Siku hizi wengi huandika kwa kompyuta au kwa simu, lakini makosa ni yale yale ya karatasi. Haya tuyaangalie, maana ndipo penye faida ya somo hili.

Tuseme mtu alianza kazi saa tatu na nusu asubuhi, akamaliza saa sita na robo mchana. (Mtu wa Seattle angesema alianza saa tisa na nusu, kwa kuwa wao huhesabu tangu usiku wa manane na sisi tangu macheo, lakini urefu wa kazi haubadiliki.) Amefanya kazi saa 2 na dakika 45. Mtu huyu kwa haraka aandika 2.45. Amekosa! Saa ina dakika 60, haina dakika 100. Dakika 15 ni robo ya saa, nayo huandikwa 0.25, dakika 30 ni 0.5, dakika 45 ni 0.75. Ilimpasa kuandika 2.75. Waweza kusema ya kuwa tofauti ni ndogo. Lakini wakiwa watu 12 waliofanya kazi siku moja, na wote wakikosa hivyo hivyo, daftari litaonyesha saa 29.4 mahali pa saa 33. Saa 3 na dakika 36 za jasho la watu zimepotea kwa nukta iliyowekwa vibaya.

Kosa la pili ni la kazi ya watu wengi. Watu 14 wamekuja Jumamosi wakafanya kazi saa 3. Kiongozi aandika, “Kazi ya pamoja, saa 3.” Je, bustani imepata saa ngapi? Imepata 42. Kiongozi mwingine huandika saa 42 kwa usahihi, kisha watu wale 14 wakifika nyumbani kila mmoja huandika saa 3 zake, na mwisho wa mwezi daftari lasema 84. La kwanza lawaibia watu kazi yao. La pili laidanganya serikali ya mji. Dawa yake ni kupatana tangu mwanzo nani ataandika, kiongozi au kila mtu, na wasiandike wote wawili.

Kosa la tatu ni kungoja. Mtu asema, “Nitaandika mwisho wa mwezi.” Mwisho wa mwezi akumbuka kwamba alifanya kazi siku nyingi, lakini ni tatu au tano? Basi akisia. Mwenye moyo mkunjufu huzidisha, mwenye haya hupunguza, wala hapana hata mmoja asemaye kweli, ingawa wote wawili hawakukusudia uongo.

Sasa tuulize saa hizo huenda wapi zikiisha kuandikwa. Hukusanywa, zikapelekwa kwa wenye kutoa fedha. Bwana shamba hulipwa kwa fedha za serikali, na kila mwaka halmashauri huuliza fedha hizo zimezaa nini. Bwana shamba ajibuye, “Watu wetu wamefanya kazi nyingi sana,” hana jibu. Ajibuye kwa idadi ya saa, na watu wangapi walisaidiwa, ana la kuweka mezani.

Tena mwaka 1988 mji wa Seattle ulianzisha mfuko wa kusaidia mitaa, na baadhi ya bustani za P-Patch zilijengwa kwa msaada wake. Sharti la mfuko huo ni kwamba wenyeji nao watoe sehemu yao. Na asiye na fedha aweza kutoa vitu, au kazi ya mikono yake. Kazi hiyo hupigwa bei kwa saa. Hapo ndipo mtaa wa maskini uwezapo kukaa sawa na mtaa wa matajiri, kwa kuwa mikono wanayo. Lakini saa isiyoandikwa haihesabiwi. Wenyeji wakichimba mifereji siku nne pasipo kuandika, mbele ya mfuko ni kama walilala.

Kiko chama cha Marekani kiitwacho Independent Sector, ambacho kila mwaka hutoa makisio ya thamani ya saa moja ya kazi ya hiari katika nchi ile. Kwa mwaka 2023 kilitaja dola 33.49. Hakuna alipwaye fedha hizo. Ni kipimo tu, kama vile mtu apimavyo kisima kwa kamba pasipo kunywa maji. Kwa kipimo hicho, zile saa 42 za Jumamosi moja zina thamani ya dola 1,406.58. Binafsi naona kipimo hiki chafaa kwa kuwaonyesha wenye mifuko, wala hakifai kwa kuwaonyesha waliolima. Mtu akiambiwa kila siku kwamba jasho lake la hiari ni dola kadha, mwisho atauliza, “Ziko wapi?”

Wapo pia wanaokataa kuandika kwa sababu ya adabu. Husema ya kuwa kutangaza wema wako ni majivuno. Tuwaheshimu, lakini tuangalie yatokayo. Tuseme katika bustani moja yuko mama mzee. Kila Jumamosi, toka Aprili mpaka Septemba, yeye ndiye atanguliaye kufika. Hufungua kibanda cha zana, hutoa matoroli, hunyosha mipira ya maji, na hufagia mlangoni. Ni kazi ya nusu saa. Wengine wafikapo huona vitu viko tayari, nao hudhani vilikuwa hivyo tangu jana. Mama huyu haandiki; nusu saa aiona ndogo, tena aona haya. Mwezi wa Oktoba kamati yafungua daftari. Jina la mama lina saa 2 tu, na mtu mwingine angoja kishamba tangu miaka mitatu.

Kamati ifanye nini? Ikimwandikia mama saa zote asemazo, kesho atakuja mvivu naye atadai saa zake za mdomo. Ikifuata daftari peke yake, itamfukuza mtu bora wa bustani ile. Mimi nashauri kwamba mashahidi waulizwe, na saa zilizoonekana na mtu mwingine zikubaliwe, hizo tu. Tena kamati ijiulize daftari lilitundikwa wapi. Kama lilikuwa nyumbani kwa karani, kosa si la mama peke yake. Daftari la saa mahali pake ni ukutani mwa kibanda cha zana, na kalamu ifungwe kwa uzi.

Hesabu za kufanya

Mtu alianza kugeuza mboji saa mbili na robo asubuhi, akamaliza saa nne kamili. Andika saa zake kwa nukta.

Watu 9 walijenga ua kwa saa 3 na nusu. Kiongozi aliandika “saa 3.5”. Bustani imepoteza saa ngapi katika daftari?

Mama mzee wa somo letu alifika Jumamosi 26, nusu saa kila mara. Mashahidi wamekumbuka Jumamosi 9 tu. Ukizijumlisha na saa 2 zilizomo daftarini, zapungua saa ngapi kutimia 8? Naye akiendelea kufungua kibanda kama desturi yake, na safari hii akiandika, zitamtosha Jumamosi ngapi?