Picha ya bibi imenata kwenye kioo

Swali: Picha ya harusi ya bibi, nyeusi na nyeupe, imenata kwenye kioo cha fremu. Niibandue?
Msomaji, Tanga

Jibu: Tafadhali usiibandue! Ukivuta, utando wa juu utabaki kiooni pamoja na sura ya bibi. Ipige skani kwanza ikiwa hapo hapo kwenye kioo. Unyevu wa pwani hulainisha jelatini iliyobeba picha, nayo ikigusa kioo hugandamana.

Ukitengeneza nakala kwa fremu mpya, mwambie fundi aizungushie kadi nene isiyo na asidi, ili isiguse kioo. Nyuma asiweke hadibodi tupu. Asidi yake huacha madoa ya kahawia. Gundi na selotepu, hapana kabisa: pembe nne za karatasi zinatosha kuishika. Itundike kwenye ukuta usiopigwa jua.