JE, UMEIPIMA HATARI ILIYOMO SHAMBANI MWAKO?



Shamba lako unalijua vizuri. Unajua sehemu yenye rutuba na sehemu iliyochoka. Unajua ngiri hupitia wapi na maji ya mvua hutuama wapi. Lakini je, unajua ni ugonjwa gani unaoweza kukupata katika shamba hilo hilo? Hilo ndilo somo letu la leo.

Watu wengi wakisikia maneno "mahali pa kazi" hufikiri juu ya kiwanda au ofisi. Mkulima hujiona hahusiki. Huko ni kukosea. Mahali pa kazi ni mahali popote mtu anapotoa jasho ili apate riziki yake. Kwa mkulima wa mpunga katika bonde la Mto Ruvu, wilayani Kibaha, mahali pa kazi ni majaruba yake. Kwa mkulima wa Kisarawe, mahali pa kazi ni shamba la mihogo, chini ya mikorosho, au ghalani. Na kila mahali pa kazi pana hatari zake.

KOSA LANGU

Mimi ni kijana. Nimesomea uganga wa vijijini nikapata cheti. Naanza na kosa langu mwenyewe ili sote tujifunze.

Siku moja mzee mmoja, mkulima wa mpunga, alikuja zahanati. Alikuwa na homa kali. Kichwa kilimuuma, na mashavu ya miguu yalimuuma hata akashindwa kutembea vizuri. Nilimpima malaria. Hakuwa na malaria. Nikampa dawa ya kutuliza maumivu, nikamwambia, "Mzee, nenda ukapumzike."

Siku ya tatu wanawe walimrudisha. Macho yake yalikuwa ya njano. Mkojo ulikuwa kidogo, tena mweusi kama chai ya rangi. Tulimpeleka hospitali haraka. Huko daktari alimwuliza swali ambalo mimi sikumwuliza: "Mzee, unafanya kazi gani?" Mzee akaeleza kwamba alikuwa akivuna mpunga kwenye maji, miguu yake ina michubuko, na panya walikuwa wengi sana shambani.

Mzee alitibiwa, akapona. Lakini alilala hospitali wiki tatu. Mpunga wake uliobaki uliliwa na ndege na panya. Tangu siku hiyo, kila mtu mwenye homa anayekuja kwangu namwuliza kazi yake.

HOMA YA MGUNDA

Ugonjwa uliompata mzee huyo huitwa homa ya mgunda. Katika lugha kadhaa za makabila yetu, mgunda maana yake ni shamba. Kwa hiyo jina lenyewe linatuonyesha ugonjwa unapatikana wapi.

Mwezi wa Julai mwaka 2022 Watanzania wengi walilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza. Wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, watu walipata homa, maumivu ya kichwa, uchovu na kutokwa damu puani. Watu 20 waliugua, na watatu kati yao walifariki. Wengi wa wagonjwa walikuwa wakulima. Wataalamu walipopima walikuta ni homa ya mgunda.

Vijidudu vya homa hii hukaa katika mwili wa panya na wanyama wengine, kama ng'ombe, nguruwe na mbwa. Hutoka pamoja na mkojo wa mnyama. Mkojo huingia katika maji au tope. Mtu akikanyaga tope hilo akiwa na mchubuko, vijidudu hupenya. Huweza kupenya pia kwa njia ya macho, pua na mdomo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kule Morogoro, wamepima panya na kuwakuta na vijidudu hivyo.

JINSI YA KUPIMA HATARI

Kupima hatari hakuhitaji darubini. Kunahitaji macho, akili na maswali manne. Nenda shambani ukiwa mtulivu. Zunguka pole pole. Jiulize:

1. Ni ugonjwa gani unaweza kuwapo hapa, nao unatoka wapi?
2. Unapita njia gani hata uingie mwilini?
3. Ni nani hukutana nao, na kwa muda gani?
4. Ukimpata mtu, madhara yake ni makubwa kiasi gani?

Sasa twende pamoja katika bonde la mpunga tukayajibu.

Swali la kwanza. Tunaona mashimo ya panya kwenye matuta. Hiyo ni dalili ya hatari ya homa ya mgunda. Tunaona konokono wadogo wameshika majani ya mfereji. Konokono wa aina fulani hubeba vijidudu vya kichocho. Tunaona pia samadi na udongo. Humo huishi vijidudu vya pepopunda. Haya ni magonjwa matatu katika shamba moja.

Swali la pili. Homa ya mgunda hupita kwenye michubuko, macho, pua na mdomo. Pepopunda hupita kwenye jeraha, kama pale mtu anapojikata kwa jembe, mundu au panga, au anapochomwa na mwiba. Kichocho hakihitaji jeraha. Hupenya hata ngozi iliyo nzima, mradi iwe ndani ya maji.

Swali la tatu. Anayepanda na kupalilia hukaa majini saa nyingi. Mara nyingi huyo ni mama. Mtoto anayefukuza ndege huoga mferejini wakati wa jua kali. Kibarua wa mavuno hushika mundu siku nzima. Kila mmoja ana hatari yake, kwa hiyo usipime kazi ya baba peke yake.

Swali la nne. Pepopunda haiwapati watu wengi, lakini ikimpata mtu huweza kumwua. Kichocho huwapata wengi, lakini hudhuru pole pole. Mtu hukojoa damu, huona si kitu, na baada ya miaka kibofu huharibika. Huweza hata kuleta saratani ya kibofu. Kwa wanawake huumiza pia sehemu za uzazi.

Kumbuka: hatari kubwa ni ile inayoua, au ile inayowapata watu wengi. Zote mbili zishughulikiwe. Usidharau moja kwa sababu umezoea kuiona.

Na kule Kisarawe? Huko juu shamba ni kavu. Hukai majini siku nzima, kwa hiyo hatari ya kichocho inayotokana na kulima ni ndogo. Lakini jembe lipo, visiki vipo na miiba ipo. Panya nao wapo ghalani. Hapo anza na pepopunda na panya. Ndiyo maana kila mkulima apime shamba lake mwenyewe, asichukue majibu ya jirani.

JINSI YA KUZUIA

Ukishapima, zuia. Lakini kuna utaratibu. Ukikuta maji yanaingia nyumbani, hukai unayapangusa sakafuni tu. Kwanza unaziba mahali yanapoingilia. Na ugonjwa ni vivyo hivyo.

Hatua ya kwanza: zuia pale ugonjwa unapotoka.
Fyeka majani kwenye matuta na kuzunguka ghala, panya wakose maficho. Tega mitego. Ukivuna, usiache marundo ya mpunga shambani siku nyingi. Panya aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu. Mchukue kwa koleo, umzike.

Kuhusu kichocho, chanzo chake ni sisi wenyewe. Mayai ya kichocho cha mkojo hutoka kwa haja ndogo ya mgonjwa. Yakifika majini huanguliwa, vijidudu huingia katika konokono, huzaliana, kisha hutoka na kumtafuta mtu. Bila mkojo wa mgonjwa kufika majini, konokono hana cha kubeba. Kwa hiyo wakulima wenye mashamba jirani wachimbe choo kimoja cha shimo. Kiwe mita 30 au zaidi kutoka kwenye maji, yaani kama hatua 40 za mtu mzima, na mahali ambapo mafuriko hayafiki.

Hatua ya pili: badili namna ya kufanya kazi.
Vijidudu vya kichocho hutoka kwa wingi kwenye konokono jua linapokuwa kali, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Kazi za majini zifanye mapema asubuhi. Saa za jua fanya kazi za nchi kavu. Hatari haitakwisha, lakini itapungua. Watoto wasiogelee mferejini. Maji ya kunywa yatoke nyumbani, yawe yamechemshwa na kufunikwa. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Hatua ya tatu: kinga mwili.
Vaa gambuti unapoingia majini au kwenye tope. Funika michubuko kabla ya kuanza kazi. Gambuti ni nzuri, lakini ikitoboka haina kazi, na maji yakizidi kimo chake huingia ndani. Ndiyo sababu gambuti ni ya tatu, wala si ya kwanza. Mtu mwenye gambuti na mkulima mwenzake anayekojoa mferejini hawajaushinda ugonjwa.

Kinga nyingine ya mwili ni chanjo ya pepopunda. Akina mama wengi huipata kliniki wakiwa wajawazito. Akina baba wengi huikosa, ingawa wao pia hushika majembe na mapanga. Baba, nenda ukaulize zahanati. Sindano moja haitoshi. Utaelezwa tarehe za kurudi.

Mwenye shamba anayeajiri vibarua akumbuke kwamba wajibu huu ni wake pia. Nchi yetu ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Sheria hiyo humtaka mwajiri kulinda afya ya wafanyakazi wake. Kumwambia kibarua "jihadhari" hakutoshi.

UKIUMIA AU UKIUGUA

Ukijikata, osha jeraha papo hapo kwa maji safi mengi na sabuni. Usipake tope, samadi wala majivu. Funika kwa kitambaa safi, kisha nenda zahanati siku hiyo hiyo. Taya likianza kukaza baada ya jeraha, usingoje hata usiku mmoja.

Ukikojoa damu, peleka mkojo ukapimwe. Dawa ya kichocho ipo, nayo huitwa prazikwanteli. Ni vidonge, na idadi yake hutegemea uzito au urefu wa mtu. Dawa hiyo huua minyoo iliyomo mwilini, lakini haizuii mingine kuingia kesho. Ukirudi kwenye maji yale yale bila kufanya mabadiliko, utaugua tena.

Ukipata homa, usinunue dawa dukani kwa kubahatisha. Nenda zahanati. Homa ya mgunda kwa kawaida huanza wiki moja au mbili baada ya vijidudu kuingia, hata mwezi mmoja unaweza kupita. Wakati huo umekwisha sahau ile siku ya tope. Kwa hiyo mwambie mganga bila kungoja kuulizwa: "Mimi ni mkulima wa mpunga. Nimekuwa majini. Panya ni wengi shambani." Maneno hayo machache yanaweza kuokoa maisha yako. Homa ya mgunda ina dawa, na dawa hufanya kazi vizuri zaidi ikianza mapema.

TUFANYE PAMOJA

Mwaka 1973 katika nchi yetu palikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikusanyika vijijini, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakatoka na majembe kuchimba vyoo na kufyeka majani. Hawakuishia kwenye maneno. Nasi tufanye hivyo katika mashamba yetu. Mtu mmoja hawezi kusafisha mfereji unaopita kwa watu kumi, wala hawezi kuwamaliza panya wanaovuka tuta kutoka kwa jirani.

Wiki hii kaeni wakulima watano au kumi. Zungukeni shamba moja kwa maswali manne. Andikeni hatari mlizoziona, hata kwa mistari mitatu tu. Chagueni moja ya kuanza nayo. Pangeni nani atafanya nini, na siku gani. Baada ya mavuno rudini mkaangalie kama imepungua.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika shamba lako, ni nani hukaa majini muda mrefu zaidi? Kwa nini?
2. Kwa nini kuvaa gambuti peke yake hakutoshi kuzuia kichocho?
3. Mwenzako amejikata kwa jembe naye anataka kupaka samadi. Utamwambia nini?
4. Una homa, nawe ulikuwa ukivuna mpunga wiki iliyopita. Utamweleza mganga mambo gani?
5. Ni hatari ipi ambayo kikundi chenu kitaanza kuizuia, na lini?