UMEME KUTOKA ANGANI: KUNI ZA BURE, NJIA NDEFU



Katika darasa letu moja la jioni, taa ya sola ilizimika kabla hatujamaliza hesabu. Mawingu yalikuwa yametanda tangu asubuhi, na betri haikushiba. Tulipokuwa tunafunga madaftari, mzee mmoja mwanakisomo alisema: "Mwalimu, jua lenyewe halijafa. Liko huko nyuma ya mawingu. Hao wanaopeleka mitambo angani, mbona hawalifuati huko huko?"

Wenzake walicheka. Kumbe mzee hakukosea. Mwaka 1968 mhandisi wa Marekani, Peter Glaser, aliandika jambo hilo hilo katika jarida la kisayansi. Tangu wakati huo wataalamu wa Marekani, Japani, Uchina na Ulaya wamekuwa wakilichunguza. Leo tulisome sisi pia, polepole.

Jua la juu na jua la chini

Juu kabisa, nje ya hewa yetu, kila mita moja ya mraba inayolikabili jua hupata nguvu ya wati 1,360 hivi. Hapa ardhini, saa sita mchana na anga likiwa safi, hupata kama wati 1,000. Unaona, tofauti si kubwa sana. Tofauti kubwa iko kwenye saa. Sisi huku chini tuna usiku, tuna asubuhi na jioni jua likiwa dhaifu, tuna masika.

Sasa, kilometa 36,000 juu ya Ikweta kuna njia ya pekee. Setilaiti ikiwekwa katika njia hiyo huizunguka dunia mara moja kwa siku, sawasawa na dunia inavyojizungusha yenyewe. Kwa hiyo ukiwa chini utadhani imesimama pale pale. Ndiyo maana dishi la televisheni pale dukani hufungwa mara moja tu, likaelekezwa upande mmoja, na halizungushwi tena. Mahali hapo usiku ni kama haupo. Katika siku za karibu na Machi na Septemba tu, kivuli cha dunia huifunika setilaiti, tena kwa muda usiozidi dakika 72 kwa siku.

Utashushwaje bila waya?

Hapa wengi hukwama. Waya wa kilometa 36,000 hauwezekani. Lakini hebu fikiri juu ya redio yako. Sauti ya mtangazaji hukufikia bila waya, kwa mawimbi. Mawimbi hayo hubeba nguvu, ila ni kidogo mno. Zamani watu walitengeneza redio ndogo zisizo na betri kabisa. Nguvu ya mawimbi yenyewe ilitosha kunong'ona sikioni.

Mpango wa Glaser ni huo huo, ukiwa mkubwa. Paneli za angani hutengeneza umeme. Umeme hugeuzwa kuwa mawimbi mafupi ya redio, ya urefu wa sentimeta 12 hivi, yaani kama nusu shubiri. Mawimbi ya namna hii hupenya mawingu bila shida kubwa. Chini, uwanja wa antena huyapokea na kuyageuza kuwa umeme tena. Kila ugeuzapo, sehemu hupotea, kama maziwa yanavyobaki katika kila kibuyu unachohamishia.

Je, imewahi kujaribiwa? Ndiyo. Mwaka 1975, huko Goldstone, California, wataalamu walirusha kwa mawimbi nguvu ya zaidi ya kilowati 30 kwa umbali wa kilometa moja na nusu hivi, bila waya, na taa zikawaka. Mwaka 2023 chuo cha Caltech cha huko huko California kilipeleka angani chombo kidogo kilichoelekeza mawimbi duniani. Yalipokelewa juu ya paa la jengo la chuo. Ila kilichofika kilikuwa cha kupimwa kwa vyombo tu. Hakingewasha hata taa ya kusomea.

Fanya jaribio hili usiku. Washa tochi karibu na ukuta, kisha rudi nyuma hatua kumi. Mwanga umekuwaje? Umetawanyika. Mawimbi nayo hutawanyika hivyo hivyo, na kutoka kilometa 36,000 hutawanyika mno. Kwa sababu hiyo mtambo huu haufanyiki mdogo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Marekani ilichora mpango wa setilaiti ya megawati 5,000. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kutoa megawati 2,115. Paneli zake zilikuwa ziwe na urefu wa kilometa 10 na upana wa kilometa 5. Uwanja wa kupokelea ulikuwa wa kilometa 10 kwa 13, umbo la yai. Piga hesabu mwenyewe: ni zaidi ya hekta 10,000. Mashamba ya vijiji vingapi hayo?

Mzigo

Wanawake wa vijijini wanaelewa jambo hili kuliko wahandisi. Kuni za porini ni bure. Anayekwenda kuzichukua kilometa nane na kuzirudisha kichwani hawezi kukuambia kuwa ni bure.

Jua la angani ni kuni za bure. Mzigo ndio mambo yote. Setilaiti ile ya mpango wa Marekani ingekuwa na uzito wa zaidi ya tani 30,000. Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambacho nchi kadhaa zilianza kukiunganisha mwaka 1998 na kuchukua miaka mingi, kina tani 420 hivi. Basi ni zaidi ya vituo sabini kama hicho, na mbali zaidi.

Januari 2024 shirika la anga la Marekani, NASA, lilitoa hesabu yake. Lilikadiria kwamba umeme wa namna hii ungegharimu mara 12 hadi 80 kuliko umeme wa jua au upepo unaotengenezwa ardhini. Wanaoupenda mpango huu walibisha, wakisema nauli ya roketi inashuka. Ni kweli inashuka. Lakini bei ya paneli za ardhini na betri nazo zimeshuka sana, na hizo hazihitaji roketi.

Hatari ziko wapi?

Watu huuliza kwanza: si itatuchoma? Katika mpango ule, nguvu ya mawimbi katikati ya uwanja ilikuwa wati 230 kwa mita ya mraba, yaani chini ya robo ya jua la mchana. Hachomeki mtu akawa majivu. Lakini mawimbi haya hupasha joto nyama ndani ya mwili, si ngozi peke yake, na jua haliwaki saa ishirini na nne. Uwanja ungewekewa uzio. Ndege wa angani hawajui uzio.

Kuna taka pia. Mwaka 2009 setilaiti mbili, moja ya Marekani na moja ya Urusi iliyokwisha kufa, ziligongana na kumwaga maelfu ya vipande. Kitu chenye urefu wa kilometa 10 ni shabaha kubwa.

Hatari inayotugusa zaidi sisi wa Ikweta ni nyingine: nani atashika koki? Mnajua kisa cha bomba la kijiji ambalo ufunguo wake anao mtu mmoja. Akigombana nawe, ndoo yako inarudi tupu. Desemba 1976 nchi za Ikweta, zikiwemo Kenya, Uganda, Kongo na Zaire, zilikutana Bogotá, Kolombia, zikatangaza kuwa sehemu ya njia ile iliyo juu ya ardhi yao ni mali yao. Mataifa mengi yalikataa, yakitaja mkataba wa mwaka 1967 unaosema hakuna nchi inayoweza kujimilikisha anga za juu. Sawa. Lakini mwenye roketi ndiye anayefika.

Yule mzee tulimjibu juma lililofuata. Tulimwambia wazo lake ni zuri, mawimbi yanafanya kazi, lakini darasa lisiusubiri umeme huo. Alifikiri kidogo, akauliza betri ya pili ni shilingi ngapi. Tumeanza kuchanga.

Kwa kikundi: Kama ungeambiwa kijiji chenu kitoe hekta 10,000 za uwanja wa kupokelea, ungetaka nini kiandikwe katika mkataba kabla ya kutia saini? Na kama lori moja hubeba tani 10, tani 30,000 ni safari ngapi?